Ua Hufunga Saa Nne

Nchi ninayoisimulia haipo, na aliyewahi kuishi huko ananyamaza. Iliitwa Jamhuri ya Muhurini. Ilipakana na nchi nyingine pande zote, jambo ambalo serikali yake ililiona kama uonevu. Ilikuwa nchi ya utaratibu. Mtoto aliyezaliwa alikuwa bado hajazaliwa mpaka karatasi yake igongwe muhuri, na marehemu aliyekosa muhuri aliendelea kuandikiwa barua za onyo kwa utoro kazini. Kitu chochote kilichopata muhuri kiligeuka kuwa waraka wa Serikali, na waraka wa Serikali ulikuwa mwiko kuuchoma, kuuhamisha au kuutazama kwa dharau.

Wino wa nchi ile ulikuwa na tabia ya kukauka. Kwa hiyo kila ofisa alifundishwa chuoni kwamba kabla ya kugonga muhuri kwenye karatasi aujaribu kwanza kwenye kitu kilicho karibu. Ndiyo maana mitaani ungekutana na kuku mwenye muhuri, sufuria yenye muhuri, na mzee mmoja mwenye upara aliyesinzia kwenye foleni ya vitambulisho akaamka kichwa chake kikiwa mali ya umma. Mzee huyo hakuvaa kofia tena maisha yake yote, kwa sababu kufunika waraka ni kosa. Mvua ikinyesha au jua likiwaka, askari alikuwa anamshikia mwavuli.

Basi katika vilima vya Kingoto aliishi mkulima mmoja wa pasheni, Siwema binti Mashombo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mipana na mdomo usiojua likizo. Siwema alizungumza na majirani, na mbuzi, na jembe, na ugali ulipochelewa kuiva. Wakala wa mbegu aliyepita kwake kwa dakika tano aliondoka jioni. Watu wa Kingoto walimpenda hivyo hivyo, ila walipokuwa na haraka walipitia njia ya nyuma.

Huko nyuma, karibu na jiko, lilikuwapo gogo kavu la mfenesi, lenye matundu ya kuingia dole gumba. Mama yake alimwachia gogo hilo pamoja na shamba. "Usilichanje kuni," alimwambia. "Lina wapangaji." Wapangaji hao walikuwa nyuki weusi, wanene, wasio na asali, wanaojitobolea nyumba kwenye mti mkavu. Watu wa Kingoto waliwaita maseremala. Kukipambazuka tu maua ya pasheni yalikuwa yanafunguka, na maseremala nao wanatoka kwenda kazini bila kusainishwa daftari la mahudhurio. Wakati huo Serikali haikuwa na habari nao.

*

Habari ilianzia kwenye Sikukuu ya Utaratibu. Mkuu wa nchi, ambaye jina lake kamili lilikuwa Mtukufu Mnyooshaji, alisimama kwenye mimbari ya mbao aliyoitumia tangu ashike madaraka. Alihutubia kwa saa tatu kuhusu umuhimu wa kusema kwa ufupi. Alipofika kwenye ukurasa wa arobaini na moja, unga wa mbao ulianza kumwagika juu ya viatu vyake. Kisha kwenye tundu moja la mimbari akatokea nyuki mweusi, akapanda, akasimama mbele ya kipaza sauti.

*Vuuuuuuu.*

Kwa dakika nzima taifa lilihutubiwa na nyuki. Wananchi, ambao miguu ilikuwa imekufa ganzi, walisikiliza. Nyuki alipomaliza walipiga makofi, wakapiga vigelegele, kina mama wa mbele wakarusha vitambaa. Gazeti la Serikali lilikuwa na amri ya kuchapa kila neno linalotoka kwenye mimbari ile, kwa hiyo kesho yake liliichapa hotuba ya nyuki yote, ukurasa wa kwanza, na mhariri akaisifu kwa kugusa mambo ya msingi. Mtukufu alisoma gazeti hilo wakati wa kifungua kinywa. Hakumaliza yai.

Wiki hiyohiyo Waziri wa Utaratibu wa Viumbe, Mheshimiwa Profesa Lubinza, aliita wananchi uwanjani kuwaelimisha.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanapita huku na huku wakizungumzia bioanuwai. Bioanuwai ni nini? Ni viumbe wengi, wa aina nyingi, mahali pamoja, bila orodha ya mahudhurio! Sisi hapa kwetu jambo hilo tunaliita fujo. Wanataja pia ikolojia. Mimi nimeisoma ikolojia kwa miaka sita. Ikolojia ni kila kiumbe kukaa alipopangiwa, kufanya alichoagizwa, mpaka atakapostaafishwa!"

Alieleza kwamba kamati yake ilikuwa imehesabu aina elfu nne mia moja na kumi na mbili za viumbe nchini, na kati ya hizo ilizithibitisha thelathini na saba kuwa za lazima. Kumi na moja zilikuwa aina za mbuzi wa mwenyekiti wa kamati. Waliobaki wote waliitwa viumbe wa ziada, na wa kwanza kustaafishwa alikuwa nyuki seremala, kwa kosa la kuhutubia taifa bila kibali.

Ikatangazwa Wiki ya Gogo Safi. Kila gogo kavu, kila nguzo yenye tundu, kila kisiki kilichooza kilichomwa moto kwa shangwe na brasibendi. Ndani ya magogo hayo walikuwamo maseremala, lakini pia mende, tandu, mijusi, uyoga na makinda ya kigogota. Hao hawakuandikwa popote, kwa hiyo kwenye ripoti magogo yaliungua yakiwa matupu.

Wakaguzi walifika Kingoto pia. Siwema alitandika kanga juu ya gogo lake, akakalia, akaanza kuzungumza. Aliwasimulia harusi ya shangazi yake tangu posa. Alipofika kwenye kumpamba bibi harusi, wakaguzi waliandika "benchi" kwenye daftari, wakaaga kwa adabu, wakakimbia.

*

Msimu uliofuata mipasheni ya Muhurini ilichanua vizuri mno, na maua yote yakapukutika bila kuacha tunda.

Siwema angeweza kuwaeleza sababu, na aliwaeleza, tena kwa sauti kubwa, ila hakuna aliyetumwa kusikiliza. Ua la pasheni limejengwa kwa ajili ya mgeni mnene. Chavua, yaani ule unga wa njano unaofanya ua lizae, inaning'inia juu, na maji yake matamu yako chini. Nyuki wa kawaida wa asali alikuwamo kwenye orodha ya wale thelathini na saba, lakini ni mdogo: anaingia, anakunywa, anatoka, na mgongo wake haugusi kitu. Seremala akiinama kunywa anajaa chavua mgongo mzima, akiruka kwenye mpasheni wa jirani anaipeleka. Hakuna mwingine aliyewahi kuomba kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa kwamba Mtukufu alipenda sana sharubati ya pasheni. Siku aliyoletewa maji ya rangi badala yake, Idara ya Uchavushaji ilizaliwa kabla hajashusha glasi.

Waliajiriwa maofisa mia sita. Walipewa sare nyeusi yenye mabega ya njano, brashi ya kuchukulia chavua, na Fomu ya Ua. Fomu hiyo iliuliza jina la ua, jina la ua linalotoa chavua, uhusiano uliopo baina yao, na sababu za kutaka kuzaa. Ikishajazwa inagongwa muhuri, na ofisa ana ruhusa ya kugusa.

Sasa, pasheni za kule zilikuwa na desturi yao. Ua hufunguka alfajiri na hufunga saa nne asubuhi. Na ofisi za Muhurini, baada ya watu kufika, kusalimiana, kufuta vumbi na kunywa chai, hufungua saa nne asubuhi. Kila siku maofisa mia sita walifika mashambani wakiwa na brashi mikononi, wakakuta milango imefungwa.

"Si mje mapema?" Siwema alimuuliza mmoja wao.

"Saa moja?" ofisa alishangaa. "Na chai ninywe saa ngapi?"

Idara haikulala. Ilitoa Waraka Namba Tisa, Kwa Maua Yote, ulioamuru kwamba kuanzia tarehe ya waraka maua yatakuwa wazi kuanzia saa nne hadi saa tisa na nusu, isipokuwa siku za mapumziko. Gari lenye spika lilizunguka mashambani likiyasomea maua waraka huo. Yalipewa siku kumi na nne za kujieleza. Hayakujieleza. Siku ya kumi na tano Idara iliripoti mafanikio ya asilimia mia moja na tatu, na maofisa watano wakapandishwa vyeo.

*

Kwa Siwema, waya za mipasheni zililegea kwa uzito wa matunda.

Alijitahidi kuficha. Aliwagawia majirani kwa vikapu, nao wakanywa sharubati milango ikiwa imefungwa, wakafuta midomo. Ila mwanamume mmoja wa Kingoto alichekeshwa kwenye foleni ya muhuri, akacheka kwa kinywa chote, na kwenye jino lake la mbele ikaonekana mbegu nyeusi ya pasheni. Mchana wa siku ileile Ofisa Mpangala wa Uchavushaji, mwenye mabega ya njano na jasho tele, alipiga hodi kwa Siwema.

"Karibu, baba," Siwema alisema. "Umechelewa lakini. Maua yamefunga."

"Sikuja kwa ajili ya maua, mama. Nimekuja kwa ajili ya matunda. Nani amezalisha hii mipasheni?"

"Mungu."

"Ana kibali?"

"Hilo ukamuulize mwenyewe, utakapofika. Kaa kwanza, jua kali. Unaonekana kama hujala tangu asubuhi. Mkeo hajambo?"

Ofisa Mpangala alikaa kwenye benchi lililofunikwa kanga. Alitoa karatasi ya mashtaka, akaandika: *kuzaa bila kibali, matunda mia nne na zaidi.* Akatoa muhuri. Na kama alivyofundishwa, akaujaribu kwanza kwenye kitu kilicho karibu, pale kanga ilipoishia, kando ya goti lake. Muhuri ukashika vizuri kabisa.

Hapo ndipo aliposikia makalio yake yakitetemeka. *Vuuuuu*, chini yake. Aliruka, kanga ikaanguka, na kwenye tundu akatoka seremala mweusi, akamtazama, akaenda zake kwenye maua ya mbaazi.

"Mama! Ni wao! Gogo lina watu!"

"Limekuwa nao tangu kabla hujazaliwa."

"Leta kiberiti!"

"Kiberiti kipo," Siwema alisema. "Soma kwanza hapo ulipokuwa umekalia, baba. Taratibu. Herufi kwa herufi."

Ofisa Mpangala akainama, akasoma. Palikuwa na nembo ya taifa, tarehe ya siku hiyo, na neno IMEPOKELEWA. Alisoma mara mbili, akakaa chini mavumbini na sare yake mpya. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amelifanya gogo kuwa waraka wa Serikali. Siwema alimhurumia kidogo, akamletea glasi ya sharubati. Alikunywa yote bila fomu.

*

Wizara ilikutana siku tatu. Ilipokuwa ikikutana, askari wawili waliwekwa kulilinda gogo na kulipigia saluti asubuhi na jioni. Mwishowe mwanasheria mmoja mkongwe alikumbuka kifungu: muhuri unaweza kutenguliwa iwapo mwenye eneo atasimama mbele ya umma na kuomba hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Bila kauli hiyo, gogo lisingeguswa mpaka mwisho wa dunia.

Ofisa Mpangala ndiye aliyetumwa kuleta kauli yenyewe, imechapwa tayari. *Mimi, Siwema binti Mashombo, natamka kwamba gogo hili ni bovu, wakazi wake ni wa ziada, na ninaomba lichomwe.* Siwema angeisoma kwenye Siku ya Pasheni, sherehe ya mavuno, mbele ya Mtukufu. Angeikataa, angepelekwa miaka mitatu kwenye kambi ya kunyooshwa, na mipasheni yake ingeng'olewa.

"Sema tu, mama yangu," Mpangala alimwambia kwa sauti ya chini, ili askari wasisikie. "Ni maneno. Wewe maneno hupungukiwi."

Siwema alikaa kwenye gogo akalia. Alilia kwa hasira na kwa hofu, kwa sababu kambi ile aliijua: kaka yake alirudi kutoka huko akiwa amenyooka kiasi kwamba hakuweza tena kuinama kuokota kitu. Alifikiria shamba lake. Kisha akasikia chini yake jike mmoja akitafuna mti, akitengeneza chumba cha mtoto.

"Hawa ndio wa mwisho, Mpangala," alisema. "Nchi nzima. Nikisema maneno haya, hakuna mwingine wa kuja. Utakuwa umeshika brashi yako mpaka ustaafu."

Mpangala alitazama brashi yake.

*

Siku ya Pasheni uwanja ulijaa. Mashina ya plastiki yalipandwa kuzunguka jukwaa, na juu yake yakatundikwa matunda ya sabuni yaliyopakwa rangi ya zambarau. Mimbari mpya ilikuwa ya zege, imara, isiyotobolewa na yeyote. Mtukufu alihutubia saa mbili na nusu kuhusu mavuno makubwa kuliko yote katika historia. Kisha Waziri Lubinza akatangaza kwamba raia mmoja aliyepotoka atatoa kauli yake, na taifa zima limsikilize redioni.

Siwema alipandishwa jukwaani. Waziri alimkabidhi karatasi na kumsogezea kipaza sauti. Watu wa Kingoto, waliomjua, walijiandaa kusimama muda mrefu.

Siwema aliitazama karatasi. Akawatazama watu: wakulima wenye mashamba yaliyochanua bure, yule mzee wa upara chini ya mwavuli wake, Ofisa Mpangala kwenye safu ya sare. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka juu ya zege. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Siwema binti Mashombo akafunga mdomo.

*Vuuuuuuu.*

Alivuma kwa pua, midomo ikiwa imebanwa, mbele ya kipaza sauti cha taifa. Waziri aliruka kutafuta nyuki nyuma ya mimbari. Mtukufu alivua kiatu.

"Sema!" Waziri alifoka. "Soma kilichoandikwa!"

Siwema alivuta pumzi, akaendelea. Kisha mzee wa upara akaanza, *vuuuu*, kwa sauti nzito. Askari wake wa mwavuli akatazama huku na huku, akajiunga. Wakaingia kina mama wa mbele, wakaingia wa Kingoto, safu baada ya safu, midomo imefungwa, macho mbele, mpaka zege lenyewe likatetemeka na matunda ya sabuni yakaanza kudondoka moja moja. Kesho yake Gazeti la Serikali liliuchapa mvumo huo wote, kurasa nane, kwa mujibu wa amri.

"Nani anayevuma?" Mtukufu alipiga kelele. "Kamata wanaofungua mdomo!"

Askari walipita katikati ya watu kutafuta mdomo ulio wazi. Uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, na hawakuthubutu kuukamata. Hatimaye wakasimama, wakachoka, na mmoja wao akasikika akivuma wimbo wa zamu.

Mwanasheria mkongwe aliulizwa palepale. Alifungua vitabu, akafunga. Mshtakiwa hakuikataa kauli, alisema, kwa kuwa hakusema neno lolote, wala hakuitoa. Sheria ilikuwa na adhabu kwa wanaosema vibaya na wanaosema bila kibali. Kwa wasiosema kitu, hakuna aliyewahi kudhani kwamba itahitajika. Muhuri ulibaki palepale ulipokuwa, na kesi ikaahirishwa mpaka Bunge litunge kifungu, na Bunge, kama ofisi nyingine, huanza baada ya chai.

Siwema alirudi Kingoto kwa miguu na watu nyuma yake. Aliongea njia nzima, bila kupumzika, akirudisha muda wake. Hakuna aliyepitia njia ya nyuma.

Kuanzia hapo kila shamba la Muhurini lilianza kuwa na gogo kavu lililotandikwa kanga, la kukalia wageni. Mgeni wa sare anapokuja hukaribishwa kwa heshima, huketishwa, huletewa sharubati, na anapotoa muhuri wake wenyeji hutazama pembeni kwa adabu akiujaribu. Maseremala wa Kingoto walizaa, watoto wao wakatafuta nyumba, nyumba zikawapo. Na watu wa nchi ile wamejifunza kuamka alfajiri. Wenye magogo bado matupu huchukua unyoya wa kuku, wanapita kwenye ua moja baada ya lingine, wakiwa wamefunga midomo, wakivuma.

Ikifika saa nne, maofisa mia sita wanamaliza chai, wanavaa mabega yao ya njano na kufungua ofisi. Ofisa Mpangala huwa hayumo. Yeye siku hizi chai anaikuta imepoa, kwa sababu anatoka shambani, na brashi yake ina vumbi la njano.